Wanne Katika Kila Kumi

Hahlbeck, 8 Oktoba 1978

Mwanangu Almut,

Salaam nyingi kutoka kwetu sote. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kwamba kile kikohozi cha Septemba kimeshakuacha. Sisi huku tunajikongoja. Goti la baba yako linavimba kila hali ya hewa ikibadilika, na mwezi huu imebadilika kila siku. Viazi tumeshavitoa vyote, vidogo vidogo, vya kumenya mpaka mtu achoke roho. Ng'ombe yule mwenye doa jichoni amezaa dume. Shule imefungwa. Watoto wanachukuliwa na basi mpaka mjini, na mle darasani ulimosomea zimamoto wanaweka mipira yao ya maji.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wiki jana mchungaji alimleta bwana mmoja wa mjini na picha zake za kumulika ukutani. Akatuonyesha mchoro wa watu kwa umri wao, kama mti mpana chini, akasema hao ni babu zetu. Akatuonyesha mwingine mwembamba chini na kichwa kikubwa juu, akasema hao ni sisi kesho, wazee watupu. Wajerumani wanakwisha, akasema. Mkulima wa zamani alizaa watoto kumi na wawili na kumshukuru Mungu, mwanamke wa leo anataka gari na safari ya Italia. Watu wakapiga makofi. Mimi nikawaangalia wapiga makofi mmoja mmoja. Hakuna aliyezaa zaidi ya wawili.

Baba yako alirudi amepandwa na moto. Akaniambia, "Lene, mwezi Mei boriti ya mlango wetu inatimiza miaka mia tatu. Miaka mia tatu, damu moja! Almut si ndiyo kazi yake, kuchimba habari za wakulima wa kale? Atuandikie historia ya shamba."

"Mwambie mwenyewe."

"Mimi na yeye hatuongei."

"Kwa hiyo mimi ni posta?"

"Wewe ni shangazi yake," akasema, akaondoka.

Ningeishia hapo kama mambo yangeishia hapo. Kuna kampuni ya kunenepesha nguruwe inayonunua mashamba huku kwetu. Baba yako amesema hivi: ukirudi, na mume au bila mume, ilimradi mtoto apatikane, shamba ni lako. Usiporudi, Pasaka ikipita anawauzia watu wa nguruwe. Nikamuuliza, na Arno je? Arno Pallasch yuko hapa tangu mama yake alipokimbia vita na kuingia uani kwetu akimsukuma kwenye mkokoteni, ana miaka minne. Anafanya kazi yetu tangu ana kumi na tano. Yeye na mkewe Edeltraud wana watoto watatu, na baba yako anayelilia upungufu wa watoto huwaruka hao watatu kila asubuhi akienda zizini. "Arno ni mtu mwema," akasema, "lakini Pallasch ni Pallasch." Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe Arno tumempa zamani. Kiti ndicho hapewi.

Shamba likiuzwa, chumba changu kinakwenda pamoja na kuta zake. Mjini kuna nyumba ya wazee, naambiwa ina lifti. Sitaki lifti. Nimezaliwa ndani ya nyumba hii na nataka kufia humu, basi. Kwa hiyo nijibu moja tu: utarudi?

Najua alichokufanyia Pasaka iliyopita mbele ya wageni, kukuuliza utazaa lini na kijiko bado kiko mdomoni. Ulifanya vizuri kuchukua koti lako. Lakini koti umelichukua muda mrefu sasa.

Shangazi yako,
Lene


Göttingen, 19 Novemba 1978

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kikohozi kimekwenda na kuniachia mgongo unaouma, basi nimebadilishana tu. Chumba changu kina joto, jirani ana mtoto anayejifunza filimbi, na mimi nalala mapema kama kuku. Msalimie Edeltraud, mwambie yale matango yake ya siki niliyala bila mkate, nimesimama jikoni.

Kazini kwetu wamegawanyika. Kuna wanaoapa kwamba taifa linakufa, na wanaoapa kwamba halifi, na makundi yote mawili huniletea mimi makaratasi niwahesabie. Kila gazeti lina ukurasa wa mambo haya. Nimechoka, Shangazi. Mtu wa redio alinipigia simu akaniuliza, je, wewe binafsi una watoto wangapi? Nikamwambia nina daftari kumi na saba.

Huyo bwana wenu wa picha hajapata kufungua daftari la kanisa hata moja. Mimi ninayo ya Hahlbeck yote, nimepigiwa picha. Mabibi harusi wa kwetu walikuwa na miaka ishirini na saba, ishirini na minane. Mtu asiye na ardhi hakuruhusiwa kuoa mpaka mwenye shamba amkubalie kibanda. Mtoto mmoja alirithi akaoa, waliobaki wakakaa wamfanyie kazi ndugu yao mpaka wafe. Nimehesabu shamba kwa shamba, miaka mia mbili. Katika kila ndugu kumi waliofikia utu uzima, wanne hawakuoa wala kuolewa. Watu walipimwa kama nafaka ya ghalani, isizidi wala isipungue. Hiyo ndiyo siri ya babu zetu waliozaa kumi na wawili.

Kuhusu damu moja, bado natafuta. Nipe muda.

Nina swali ambalo sijawahi kukuuliza, na si kwa ajili ya kitabu. Wewe kwa nini hukuolewa?

Mengine nitayajibu nikipata nafasi nzuri ya kukaa.

Wako,
Almut


Hahlbeck, 9 Januari 1979

Mwanangu Almut,

Heri ya mwaka mpya, kama heri ipo. Ulituma kadi nzuri. Mwaka huku umeingia na theluji mpaka usawa wa madirisha, umeme ukakatika siku tatu, na ng'ombe thelathini na mmoja wakakamuliwa kwa mkono. Arno, Edeltraud na mimi. Vidole vyangu bado havikunjiki vizuri, ndiyo maana mwandiko huu unatambaa.

Baba yako amenikataza kabisa nisikuandikie jambo lifuatalo. Basi sikuandikii, naongea tu na karatasi. Tarehe mbili alianguka karibu na birika la maziwa. Ni kiharusi. Barabara ilikuwa imezibwa, Arno akaenda na trekta kumchukua daktari, mwendo wa saa nne kwenda na kurudi. Mkono wa kulia hausikii, na mdomo umekwenda upande. Kuongea anaongea, kwa bahati mbaya yetu. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Nani amekamua?" Nikamwambia Arno. Akafumba macho.

Watu wa nguruwe wameshasikia. Theluji ilipopungua tu walikuja na makaratasi na keki. Keki tumeila.

Sasa nina neno na wewe. Umeandika wanne katika kila kumi, umeandika vizuri, mwalimu wako angefurahi. Niliisoma jikoni nikamenya viazi vya kutosha watu ishirini bila kujua. Hao wanne walikuwa na majina, Almut. Walikuwa na miguu iliyowauma. Shangazi yake babu yako, Trine, alikufa kwenye kile chumba cha juu ya farasi, na watu walijua siku ya pili tu, kwa sababu maziwa hayakuchujwa. Huyo naye ni mmoja wa wanne wako. Usiwaandike kama mbegu.

Halafu uliulizwa jambo moja ukajibu mengine saba. Nakuuliza tena: utarudi, au hutarudi? Pasaka iko karibu kuliko inavyoonekana kwenye kalenda.

Shangazi yako,
Lene


Göttingen, 27 Februari 1979

Shangazi yangu mpenzi,

Natumai Baba anaendelea vizuri, na vidole vyako vimepona. Barua yako ilinifika baada ya wiki moja, na nimekaa nayo wiki sita. Theluji haihusiki. Nilipiga simu nyumbani mara mbili, Baba akapokea kwa ule mkono wa kushoto, nikasikia anavyopumua, nikakata. Labda alijua ni mimi.

Uliyosema kuhusu wale wanne ni kweli na nimeona haya. Nimerudi kwenye daftari nikaandika majina yao yote kwenye karatasi ya pembeni. Trine yumo. Wako mia moja na sita kwa kijiji chetu peke yake. Sijui nitaifanyia nini karatasi hiyo.

Sasa damu. Keti kwanza. Unajua ile desturi ya kwetu, kwamba mwanamume anayeoa ndani ya shamba huacha jina lake na kuchukua jina la shamba. Sote tunaijua, lakini kila mtu huijua kwa shamba la jirani. Kwetu imetokea mara nne. Mwaka 1712 Ellerbrok, mwenye shamba letu la jina hilo, alikufa, mjane akaolewa na mtu wa kijiji cha mbali. Watoto wa mume wa kwanza wakafa wote kwa tumbo la kuhara ndani ya kiangazi kimoja, na shamba likarithiwa na watoto wa yule mgeni. Kwenye daftari naye ameandikwa Ellerbrok, kama alizaliwa hapo. Ikatokea tena 1763, tena 1801, na ya mwisho 1847. Huyo wa mwisho ndiye babu wa babu yangu, baba yako. Alikuwa mtumishi wa zizini, analala na farasi, mtoto wa mpangaji wa kibanda. Mwenye shamba alikufa bila mtoto, mjane akaolewa na aliyekuwa akikamua. Ndiye anayetazama kila mtu kwa ukali kwenye ile picha ya sebuleni, Baba anayoivulia kofia.

Jina halikukatika, damu ndiyo ilikatika. Ellerbrok ni yeyote aliyekubali kubaki. Nakuambia wewe, maana mimi sina uso wa kumwambia Baba.

Na swali lako. Hapana, Shangazi, sitarudi. Sijui kulima, na nikijua, haitasaidia kitu kile anachokitaka. Mimi siwezi kuzaa. Daktari aliniambia nikiwa na miaka ishirini na tisa, mimi na Detlef tukiwa tumeoana mwaka wa tatu. Detlef alisema haidhuru. Alilisema neno hilo kwa miaka miwili, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, kisha akaondoka. Ana mapacha sasa. Pale mezani Baba aliponiita mchoyo mbele ya watu wote, ningeweza kusema sentensi moja tu akanyamaza. Sikutaka anyamaze kwa kunihurumia. Afadhali nionekane mchoyo.

Usimwambie. Naomba uniapie.

Almut


Hahlbeck, 18 Machi 1979

Almut, mtoto wangu,

Nimekuapia. Sikuapa kwa Biblia, nimeapa kwa ulimi wangu mwenyewe, ambao ni mgumu kuushika zaidi.

 Nililia kidogo zizini. Ng'ombe hawaulizi. Miaka saba umebeba jambo hilo ukija hapa Krismasi kwa Krismasi, ukila, ukiosha vyombo, na mimi najidai naona kila kitu katika nyumba hii. Nisamehe.

Baba yako anatembea kwa fimbo. Kifungo cha shati hakimudu, namfunga mimi, na tunatazamana pembeni. Nilimsomea ule ukurasa wa barua yako kuhusu jina la shamba. Niliruka mengine yote, nikasoma hayo tu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Nne."

"Wachungaji wa zamani walikuwa walevi. Waliandika ovyo."

"Wanne walevi, na wote wakalewea shamba letu?"

"Lene, usinichokoze mimi mgonjwa."

"Kaka yangu Rudolf, na huyu wa 1847 je? Mtumishi. Alikuwa Pallasch wa wakati ule, hana hata mkokoteni."

Akatazama ile picha ya sebuleni muda mrefu. Nikadhani sasa limemwingia. Kisha akasema, "Basi walikosea mara nne. Mimi sitakosea mara ya tano." Akaomba kahawa yake.

Hayo ndiyo maneno ya wale mabwana wa mabuti waliotuingiza vitani, waliompa mama yetu nishani kwa kuzaa watano. Damu, damu, damu. Mama aliivaa siku moja kanisani, kisha akaiweka kwenye kopo la vifungo. Watoto wawili vita vikawala kule Urusi, wa tatu, Grete, akafa na kifua. Tukabaki mimi na baba yako na vifungo.

Amepanga siku kwa wakili, tarehe ishirini na nne Aprili, na watu wa nguruwe. Arno ameambiwa. Akaenda kurekebisha lango ambalo halikuharibika. Edeltraud ameanza kutafuta nyumba ya kupanga mjini. Mimi nimekwenda kuitazama ile nyumba ya wazee. Lifti ipo kweli.

Lene


Göttingen, 3 Aprili 1979

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima, mgongo tu. Ninaandika kwa haraka ili iwahi.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi yenye sahihi yangu na muhuri. Inasema kwamba sidai shamba, wala ardhi, wala fidia, leo wala baadaye, kama litapewa Arno na Edeltraud. Likiuzwa kwa kampuni, sahihi hii haina kazi. Mpe Baba. Ni kitu pekee nilicho nacho cha kumsukuma nacho, na najua ni kidogo.

Ningekuja kwa wakili, lakini hajanialika, na siwezi kuingia nyumba ile tena nikiwa sijaitwa. Labda hicho ndicho nilichorithi kwake.

Uliniandikia kwamba nimeulizwa moja nikajibu saba. Nimeshajibu, Shangazi, na ilinigharimu. Nami nilikuuliza jambo moja mwezi Novemba. Ulijibu kuhusu Trine.

Almut


Hahlbeck, 27 Mei 1979

Mwanangu Almut,

Salaam. Nyasi ziko juu mwaka huu na mvua inatusumbua tusizikate. Baba yako anakula vizuri. Boriti ya mlango imetimiza miaka yake mia tatu tarehe kumi na mbili, hapakuwa na sherehe wala kitabu, Edeltraud alioka keki ya siagi na watoto wakaimaliza. Najua umesubiri barua hii mwezi mzima. Sikuwa nakuadhibu. Kuna mambo ukiyasema baada ya miaka arobaini na kitu, mwili unadai kulala kwanza.

Nakujibu.

Aliitwa Anton. Alikuwa mtoto wa wapangaji wetu, kile kibanda kilichokuwa nyuma ya bwawa, ambacho sasa ni mashimo ya viazi. Mwaka 1934 alikuja kwa baba yetu kuniomba. Baba akasema kumwoza binti kwa mtu asiye na ardhi ni kumwoza kwa njaa, na kibanda kimoja hakiwezi kulea familia mbili. Anton akaenda kuchimba makaa Bochum. Haya unayajua tayari, yako kwenye daftari zako, ni ya kila nyumba. Usilolijua ni kwamba alirudi. Mwaka 1936 baba yetu alishampa Rudolf shamba, na Anton akamjia Rudolf, amevaa suti. Kibanda cha pili kilikuwa kitupu mwaka ule. Rudolf alikuwa na neno la kusema ndiyo au hapana, yeye peke yake. Akasema hapana. Mama alikuwa mgonjwa, Grete mgonjwa, na yeye alihitaji mikono. Hakunificha. Aliniambia zizini, nikiwa nimeshika ndoo: "Lene, siwezi kukuachia uende." Nikaendelea kukamua. Ungeniuliza kwa nini sikutupa ndoo, nisingejua kukujibu. Kwetu hatukufundishwa kutupa ndoo.

Anton alizaa watano huko Bochum. Nilisoma gazetini alipokufa, miaka kumi na mitatu iliyopita. Majina ya watoto yalipangwa chini yake, nikayasoma yote.

Basi. Ile karatasi yako niliiweka mezani Jumapili ya Pasaka, mbele ya sahani ya baba yako. Arno na Edeltraud walikuwepo na watoto, kwa sababu niliwaita mimi. Baba yako akaisoma, akaikunja. Akasema, "Hata damu yake mwenyewe anaikimbia. Mwanamke wa kisasa. Nchi inakufa kwa ajili ya wanawake wa namna hii."

Nilikuwa nimekuapia, na kiapo chako nikakishika. Ilinibidi nitafute kingine cha kusema, na kilichokuwa karibu kilikuwa changu.

Nikamwambia, "Rudolf, mwache Almut. Unalilia watoto waliokosekana? Watano walikosekana katika nyumba hii, na wewe unawajua. Ulisimama zizini ukawakataa kwa sababu ulihitaji mtu wa kukamua. Mimi nimekukamulia. Nimemzika mama yako, nimemzika mkeo, nimemlea binti yako. Damu unayoidai ilikuwa mikononi mwako mwaka 1936 ukaituma ikafagie sakafu. Sasa unataka kuniweka kwenye nyumba yenye lifti ili Arno asikae kwenye kiti."

Edeltraud akawatoa watoto nje. Arno akabaki, anatazama mikono yake. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, mwanangu, hata nilishangaa, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Lakini nilikuwa na hasira ambayo sikujua ningali nayo.

Baba yako alikula chumbani kwake siku ile. Siku ya pili pia. Siku ya tatu akamwambia Arno, "Jumanne ile utanipeleka mjini kwa wakili. Vaa viatu vizuri. Na mkeo aje." Ndivyo watu wa nguruwe walivyojua, kwa simu, kwamba hawatakiwi.

Tulikwenda wanne. Wakili ni kijana, anasoma haraka kama anakimbiza treni. Shamba kwa Arno na Edeltraud. Kwa Rudolf, maisha yake yote, vyumba viwili vya chini, chakula mezani, kuni, mayai sita kwa wiki, na kiti chake mahali pake. Arno akauliza kwa sauti ndogo kama itambidi abadilishe jina. Wakili akacheka akasema sheria haitaki tena mambo hayo. Baba yako akasema, "Kwa hilo usiwe na wasiwasi. Watu wenyewe watakuita Ellerbrok."

Kisha wakili akafika kwangu. Alikuwa amenakili kutoka kwenye hati ya 1936, ile Rudolf alipopewa shamba, neno kwa neno, maana ndivyo wanavyofanya, hawafikiri. Akasoma: "Magdalene, dada wa mwenye shamba, atakuwa na chumba cha juu upande wa mashariki, chakula, matunzo akiugua, na jozi mbili za viatu kila mwaka, maadamu hajaolewa."

Mimi nilikuwa naijua sentensi ile. Niliisikia ikisomwa nikiwa na miaka ishirini na sita, na aliyeisaini alikuwa kaka yangu. Sikuwahi kumwambia mtu. Edeltraud akaguna, akadhani ni mzaha. Wakili naye akatabasamu, akasema, "Sidhani itatuletea matatizo." Mimi nilitazama mkoba wangu. Niliona aibu, mtoto wangu, aibu ya msichana, kwa umri huu.

Baba yako akasema, "Hayo maneno ya mwisho yatoke."

"Bwana Ellerbrok, dada yako ana miaka sitini na minane. Hayana athari yoyote."

"Nimesema yatoke."

"Tunaweza kuyaondoa katika nakala safi, karani ataandika—"

"Nipe kalamu."

Akaishika kwa mkono wa kushoto. Ilimchukua muda mrefu, mstari unapanda unashuka, karatasi inateleza, Arno akaishikilia ukingo. Alikata maneno mawili tu na jasho likamtoka. Wakati anakata nikaanza kulia, mbele ya wakili na mbele ya karani, na sikuweza kuacha. Kila mtu akadhani ni furaha. Edeltraud akanishika bega akasema, "Mshukuru kaka yako, Shangazi Lene." Sikumshukuru.

Chumba kimebaki changu. Mwaka huu tayari nimeletewa jozi ya kwanza ya viatu, Edeltraud amechagua vyenye kufungwa kwa bizimu pembeni, hodari kabisa. Njoo uvione. Hakuna anayekuita isipokuwa mimi, lakini sasa nami nina chumba kilichoandikwa, na mgeni wangu hahitaji ruhusa ya mtu.

Tulipokuwa tunarudi Arno aliendesha pole pole. Baba yako alikaa mbele, mimi nyuma yake. Tulipopita kanisani akaniuliza, bila kugeuka, "Yule Anton. Ungekwenda kweli?"

"Siku ile ile," nikamwambia.



Shangazi yako,
Lene